Fedha Zisitangulie Daftari

Tarehe 19 Juni, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua rasmi Daraja la J. P. Magufuli linalounganisha Kigongo na Busisi. Ghuba ambayo wananchi walikuwa wakiivuka kwa kivuko, baada ya kungoja foleni, sasa huvukwa kwa dakika chache. Huku upande wa kusini ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, yenye urefu wa kilomita 341, ulianza mwaka 2021. Haya ni maendeleo yaliyotokana na jasho la Taifa, na kila mpenda nchi hana budi kuyafurahia.

Lakini kila panapopita barabara mpya bei ya kiwanja hupanda, na bei inapopanda hujitokeza mwenye haraka ya kununua na mwenye haraka ya kuuza. Katikati yao hukaa mtu wa tatu, asiye na kiwanja wala fedha, ila ana maneno mengi. Ndiyo sababu leo twapenda kuzungumza na ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara, Irugwa, Kome, Maisome, Goziba na visiwa vingine vya Ziwa letu, pamoja na watumishi wa Serikali wanaowahudumia, juu ya jambo moja: namna ya kukamilisha ununuzi wa nyumba.

Mazungumzo haya tumeyaelekeza kwa watu wa visiwani kwa sababu maalumu. Mvuvi au mfanyabiashara wa dagaa hapati mshahara wa mwezi. Hupata fedha kwa misimu. Na akijaliwa msimu mzuri, hushuka Mwaloni Kirumba akiwa na fedha nyingi kwa mara moja na siku chache za kukaa mjini. Anataka nyumba ya watoto wake wasomao Mwanza, au ya kukaa atakapoacha kulala majini. Muuzaji anamwambia kwamba yupo mteja mwingine njiani. Dalali anamhimiza. Chombo cha kurudi kinaondoka kesho. Katika hali hiyo mtu mwenye akili timamu, aliyekokotoa hesabu za nyavu na mafuta kwa miaka ishirini bila kupunjwa, anaweza kukabidhi akiba ya maisha yake kwa karatasi moja iliyoandikwa kwa kalamu chini ya mwembe.

Tatizo hilo haliwezi kueleweka bila kwanza kuelewa ni kitu gani hasa kinachonunuliwa. Mwaka 1958, Serikali ya kikoloni ilipotaka kuleta utaratibu wa kumilikisha ardhi moja kwa moja kwa mtu binafsi, Mwalimu Julius Nyerere aliandika makala yake Mali ya Taifa kuupinga. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi haikutengenezwa na mtu yeyote, hivyo mtu hawezi kudai kuimiliki kwa kuwa tu yuko juu yake. Chake ni kile alichokizalisha kwa kazi. Miaka miwili baada ya Uhuru, mwaka 1963, sheria ilitungwa kuzigeuza milki za aina hiyo zilizoachwa na ukoloni. Msingi huo haujabadilika. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zinasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Kilichobadilika ni kwamba sheria hizo zinatambua kuwa haki ya mtu katika ardhi ina thamani, nayo yaweza kuhamishwa.

Basi mtu anunuapo nyumba hapa kwetu hununua kuta, paa na haki ya kuitumia ardhi iliyo chini yake. Kuta na paa huonekana kwa macho. Haki haionekani ila katika maandishi. Na kwa kuwa mdhamini wa ardhi hiyo ni umma, hakuna mauzo ya nyumba yenye watu wawili tu. Yuko muuzaji, yuko mnunuzi, na yuko umma, ukiwakilishwa na Kamishna wa Ardhi na Msajili wa Hati mjini, au Halmashauri ya Kijiji vijijini. Wawili wakipatana bila huyo wa tatu kujua, wamepatana juu ya kuta. Haki bado iko pale ilipokuwa.

Hapo ndipo lilipo kosa mama, linalozaa makosa mengine yote. Wengi hudhani kwamba siku ya kulipa fedha ndiyo siku ya kununua. La hasha. Kwa nyumba yenye hati, sheria haimtambui mwenye mali mpya mpaka uhamisho uandikishwe katika daftari la Msajili. Kati ya siku ya kupeana fedha na siku ya kuandikishwa jina zaweza kupita wiki, miezi, au, kwa walio wazembe, miaka. Katika siku hizo za katikati mnunuzi hana fedha na hana nyumba. Muuzaji anavyo vyote viwili. Akifariki, warithi wake watalikuta jina lake daftarini. Akikopa, benki italikuta jina lake daftarini. Akiuza mara ya pili kwa mtu aliye mwepesi zaidi wa kwenda ofisini, huyo wa pili anaweza kuandikishwa kwanza, na wa kwanza akabaki kusukumana mahakamani. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Wao walikuwa wakiwausia wenye maduka, lakini usia huo unaifaa nyumba kuliko sukari na chumvi.

Kwa hiyo busara yote ya kununua nyumba ni kuzifupisha siku hizo za katikati, na kuhakikisha kwamba ndani yake fedha hazilitangulii daftari. Yafuatayo ndiyo makosa yanayowaponza watu wengi.

Kosa la kwanza ni kuiamini hati iliyo mkononi mwa muuzaji bila kuiuliza hati iliyo ofisini. Karatasi yaweza kughushiwa, yaweza kuwa imefutwa, au yaweza kuwa halali kabisa lakini nyumba imewekwa rehani. Dawa yake ni upekuzi. Mnunuzi, au wakili wake, hupeleka namba ya hati au ya kiwanja katika ofisi ya ardhi, akalipa ada, akapewa maandishi yanayoonyesha mwenye mali ni nani, kama kuna rehani, na kama kuna zuio lililowekwa na mtu mwingine. Upekuzi ufanywe kabla ya kutoa hata shilingi ya kuonyesha nia, na ufanywe tena siku zilizo karibu na malipo makubwa, kwa maana daftari lililokuwa safi mwezi uliopita laweza kuwa na jambo jipya mwezi huu. Na mwenye barua ya toleo tu, ambaye hajakamilisha hati yake, asichukuliwe kuwa sawa na mwenye hati. Barua hiyo ina masharti yake. Mnunuzi aende ofisini kuuliza kama masharti yalitimizwa na kama kiwanja hicho hakikutolewa kwa watu wawili.

Pamoja na upekuzi wa jina, uwepo upekuzi wa madeni. Kodi ya pango la ardhi hulipwa kila mwaka, na malimbikizo yake huifuata ardhi. Kodi ya majengo, tangu mwaka 2021, hukusanywa kwa njia ya ununuzi wa umeme. Mita ya nyumba ikaguliwe kama haina deni. Bili ya maji nayo iulizwe. Tena ramani ya mipango miji itazamwe, maana yawezekana nyumba nzuri imesimama mahali palipokusudiwa kuwa barabara, shule au soko. Mwenye kuuza huijua habari hiyo mapema kuliko mwenye kununua, na mara nyingine ndiyo inayomfanya auze.

Kosa la pili ni kutouliza ni nani mwenye haki ya kuuza. Jina la baba likiwa peke yake katika hati, wengi hudhani baba peke yake anatosha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu chake cha 59, inakataza mume au mke kuiuza, kuitoa zawadi, kuikodisha au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi mwenye busara ataomba kumwona mke wa muuzaji, ataipata ridhaa yake kwa maandishi, na ataridhika kwamba mama huyo ameielewa karatasi aliyoitia sahihi. Na muuzaji akidai kuwa hana mke, lisimwonee mnunuzi haya kuuliza majirani na kutaka kiapo. Haya ya dakika tano ni nafuu kuliko kesi ya miaka mitano.

Nyumba ya marehemu ina hatari yake. Hapa visiwani na hata mjini ni desturi njema kwa ukoo kukaa, kuandika muhtasari na kumteua mmoja wao asimamie mirathi. Lakini muhtasari wa kikao cha ukoo ni pendekezo. Anayempa msimamizi mamlaka ni Mahakama. Mtu anayeuza nyumba ya marehemu kwa muhtasari peke yake hana alichokiuza, hata kama ni mtoto wa kwanza na hata kama ndugu zake wote wapo wakipiga makofi. Mnunuzi aione hati ya Mahakama ya kumteua msimamizi, alinganishe majina, na aone kwamba warithi wameridhia. Akumbuke pia kwamba sheria ya ukomo humpa mdai wa ardhi miaka 12. Mrithi aliyekuwa mtoto mdogo au aliyekuwa safarini siku ya mauzo anaweza kurudi mwaka wa kumi, na akasikilizwa.

Kuhusu ardhi ya ukoo, liko shauri moja maarufu lililoamuliwa papa hapa Mwanza, ambalo wanasheria wa Afrika nzima hulitaja. Mwanamke mmoja wa Kihaya alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiyekuwa wa ukoo. Mpwa wake akashtaki, akidai kwamba kwa mila mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilianza katika Mahakama ya Mwanzo huko Muleba, likapanda, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akaamua kwamba mila hiyo ilipingana na Hati ya Haki za Binadamu iliyomo katika Katiba, na kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Mauzo yakawa halali. Hukumu hiyo husifiwa kwa haki iliyowapa wanawake, na inastahili. Lakini mnunuzi naye ana somo lake humo: Mahakama iliuachia ukoo nafasi ya kulikomboa shamba kwa kurudisha zile shilingi 300,000, kama ilivyokuwa desturi pale mwanamume alipouza. Basi anunuaye ardhi ya ukoo bila ukoo kushirikishwa anaweza kuambiwa apokee fedha zake na kuondoka, wakati thamani ya fedha hizo imekwisha kupungua.

Kosa la tatu, nalo ndilo linalowagusa zaidi watu wa visiwani, ni kuuchukua muhuri kuwa ni hati. Sehemu kubwa ya ardhi ya visiwa vyetu ni ardhi ya vijiji. Kwa sheria ya 1999, ardhi hiyo husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, ambayo huwajibika kwa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwenyekiti peke yake si Halmashauri. Mtendaji peke yake si Halmashauri. Hata mwenyekiti na mtendaji wakikaa pamoja na muhuri wao mezani, bado si Halmashauri, mpaka kikao halali kimekaa, kimejadili, kimekubali na muhtasari umeandikwa. Mahakama zetu zimekwisha kubatilisha mauzo ya ardhi ya kijiji yaliyokosa kibali hicho, na mnunuzi aliyelipa kwa moyo safi hakuokolewa na moyo wake. Mnunuzi, hasa asiye mwanakijiji, adai nakala ya muhtasari, aone tarehe na sahihi, na kama muuzaji ana hati ya hakimiliki ya kimila, mabadiliko yaandikwe katika masjala ya ardhi ya kijiji.

Mjini nako muhuri wa mtaa una kazi yake, wala hatuudharau. Katika milima ya Mabatini, Igogo, Isamilo na kwingineko, maelfu ya wananchi wamejenga juu ya majabali pasipo upimaji, na nyumba hizo huuzwa na kununuliwa kila siku. Hatuwezi kuwaambia wasubiri hati ambayo haijawahi kuwapo. Kwao ofisi ya mtaa ni msaada mkubwa, kwa kuwa humtambulisha muuzaji na kueleza kama kuna ugomvi. Lakini kumtambua mtu si kummilikisha. Anayenunua nyumba ya namna hiyo afanye mkataba kwa maandishi mbele ya wakili, awaite majirani wa pande zote nne waonyeshe mipaka na kutia sahihi, na mipaka yenyewe ipimwe na kuandikwa kwa mita, siyo kwa mti ambao kesho utakatwa. Kisha, pale urasimishaji unapofika, ahakikishe kwamba jina linaloandikwa ni lake. Watu wengi wamelipia nyumba, lakini siku ya kuandikishwa mtaani walikuwa visiwani, na likaandikwa jina la yule yule aliyewauzia.

Kosa la nne ni la ufukweni. Nyumba inayotazama Ziwa hupendwa na kila mtu, na viwanja vya kando ya maji hutangazwa kwa sifa nyingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya Ardhi nayo huitaja ardhi iliyo ndani ya mita hizo miongoni mwa zile zinazoweza kutangazwa kuwa ardhi ya hatari. Anayenunua nyumba iliyo mita 40 kutoka majini ananunua ugomvi na Serikali, hata kama muuzaji ameishi hapo kwa amani miaka mingi.

Wala sheria hiyo haikutungwa kwa kubahatisha. Wazee wa pwani hii wanakumbuka kwamba kati ya mwaka 1961 na 1964 maji ya Ziwa yalipanda kwa zaidi ya mita mbili, yakameza mashamba na mialo. Mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kule Uganda kilionyesha mita 13.42, sentimita moja juu ya kile cha 1964, na wakazi wa ukingoni katika nchi zote tatu waliyakuta maji ndani ya nyumba. Mwaka 2024 maji yakajaa tena. Kwa hiyo mnunuzi akija kupima zile mita 60, asipime kutoka mahali maji yalipo mwezi wa kiangazi. Aulize wazee maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko, kisha ndipo anyooshe kamba.

Kosa la tano ni la fedha zenyewe. Mkataba uandikwe, kwa sababu sheria haiutambui mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi usiokuwa na maandishi. Ndani ya mkataba bei igawanywe: sehemu ya kwanza baada ya upekuzi na sahihi, na sehemu nono ibaki mpaka vibali, kodi na hati za uhamisho viwe tayari kupelekwa kwa Msajili. Malipo yapite benki, ambako yanaacha alama. Fedha taslimu zilizohesabiwa chumbani zina mashahidi wawili tu, na siku ya ugomvi mmoja wao atakana. Muuzaji mwaminifu hatakataa utaratibu huo. Anayeukataa amekwisha kumsaidia mnunuzi kufanya uamuzi.

Ipo pia hila ya kuandika bei ndogo katika mkataba ili kupunguza kodi. Mbali ya kuwa ni kosa, na mbali ya kuwa mthamini wa Serikali atakuja kuikagua nyumba na kutoa thamani yake, hila hiyo humdhuru zaidi mnunuzi. Mauzo yakivunjika, atadai kilichoandikwa. Aliyelipa milioni 60 na kuandika milioni 25 amejinyang'anya milioni 35 kwa mkono wake mwenyewe. Kodi ya faida itokanayo na mauzo ni mzigo wa muuzaji, lakini bila cheti cha Mamlaka ya Mapato uhamisho hauandikishwi. Basi mkataba useme wazi nani atailipa na lini. Ushuru wa stempu wa asilimia 1, ada ya usajili, gharama za uthamini, ujira wa wakili na malipo ya dalali yote yajumlishwe mapema. Aliyetumia fedha zote katika bei hukosa za kukamilishia, na hapo siku za katikati hugeuka kuwa miaka.

Tumesema ya wananchi. Haki yataka tuseme na ya watumishi wa Serikali, maana itakuwa uonevu kumlaumu mvuvi kwa haraka yake huku tukinyamaza juu ya uzito wa ofisi. Mtu wa mjini akiambiwa njoo kesho, amepoteza nauli ya daladala. Mtu wa Ukara akiambiwa hivyo, amepoteza nauli ya majini, malazi, chakula, na siku za kazi yake. Akiambiwa hivyo mara tatu, ataacha kuuliza ofisini na atamwendea dalali, ambaye hasemi njoo kesho. Kwa namna hiyo ofisi nzito ndiyo inayomlisha tapeli. Mtumishi anayechelewesha jibu la upekuzi anaweza kuwa hakuchukua hata senti ya mtu, lakini amefungua mlango aliopitia mwizi.

Nchi yetu haikukosa sera. Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, ilizunguka nchini mwaka 1991 na 1992 ikisikiliza wananchi. Ikafuata Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995, kisha sheria za 1999. Na Machi 2025 ilizinduliwa Sera hiyo katika toleo lake jipya. Huduma za hati, ambazo zamani ziliwalazimu watu kusafiri mbali, zimesogezwa mikoani. Wizara imekuwa ikiendesha kliniki za ardhi kwa kuwafuata wananchi walipo. Haya ni mazuri, na tunayapongeza. Tunachodai ni kwamba yavuke maji.

Tunapendekeza mambo manne. Kliniki za ardhi zifike Nansio, Bwisya, Kome na visiwa vya Muleba kwa ratiba inayojulikana, katika misimu ambayo wavuvi wana fedha, kwa kuwa hiyo ndiyo misimu ya kununua na ya kutapeliwa. Ada zote za upekuzi, uhamisho na usajili zibandikwe ukutani katika kila ofisi ya kata, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, ili asiwepo wa kuzikuza. Wakurugenzi wa Halmashauri wahakikishe kuwa hakuna mwenyekiti wala mtendaji anayegonga muhuri katika karatasi ya mauzo ya ardhi ya kijiji pasipo namba ya muhtasari wa kikao, na anayekiuka achukuliwe hatua. Tena masjala za ardhi za vijiji zikaguliwe. Daftari lililoliwa na mchwa haliwezi kumlinda mtu.

Wako watakaosema kwamba utaratibu huu ni mrefu mno kwa mtu mnyonge, na kwamba babu zetu waliuziana kwa neno na kwa mashahidi, mambo yakaenda. Ni kweli babu zetu walikuwa na mashahidi. Lakini walikuwa wakikaa na mashahidi hao kijiji kimoja maisha yao yote, na aliyekana neno lake hakuwa na pa kuhamia. Mnunuzi wa leo hamjui muuzaji wake, shahidi wake ni dalali, na dalali kesho yuko Geita. Kilichochukua nafasi ya ule ujirani ni daftari. Wala kuandikiana si desturi ya kigeni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, ndani ya Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni, mwandishi mwadilifu na mashahidi. Na katika Biblia, Nabii Yeremia aliponunua shamba la Anathothi aliandika hati, akaweka mashahidi, na hati ikatiwa katika chombo cha udongo ili idumu. Waja wema walioaminiana waliandikiana, itakuwaje wasiojuana?

Nyumba kwa mtu wa kawaida hununuliwa mara moja katika maisha. Ndani yake mna usiku mwingi wa kuvua bila usingizi, mikopo iliyorejeshwa kwa taabu, na nguo ambazo mama hakununua. Taifa lililokataa mwaka 1958 kuigeuza ardhi kuwa bidhaa ya wenye nguvu haliwezi kukaa kimya likiona akiba ya wanyonge ikipotea kwa kukosa karatasi ya upekuzi. Mnunuzi na akaze mkono mpaka daftari lifunguliwe. Mtumishi naye alifungue upesi, siku ile ile mwananchi alipofika, kabla chombo hakijang'oa nanga.